Neno Moja Mbele ya Rubani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kabla somo halijaanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya kwa herufi kubwa: DASHIBODI, KIBANDIKO, BILULA, KUSHOTO, KULIA, FUNGA. Kila kikundi kiwe na rula moja.

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa mahali pake, na kalamu na karatasi ziko tayari. Wale walio nyuma wasogee karibu na redio, maana leo tuna mambo ya kupima.

Mara nyingi tunasoma maandishi marefu: barua, gazeti, hati ya shamba. Leo nataka tuzungumze juu ya maandishi mafupi kuliko yote, yaani neno moja tu, lililoandikwa juu ya kibandiko kidogo mbele ya rubani, mwendesha ndege. Labda mtu atauliza, "Sisi tuna haja gani na ndege?" Ni swali la haki. Nami najibu hivi: ninyi mliojifunza kusoma ukubwani mnajua kuliko wengine jinsi mtu anavyojisikia akisimama mbele ya kitu na kitu hicho hakimwambii neno. Rubani aliyesoma vitabu vyote naye huwa hivyo hivyo, ikiwa mbele yake pana swichi ambayo haikuandikwa.

Dashibodi mnaijua. Ni ule ubao ulio mbele ya dereva wa lori au motokaa, wenye mita ya mwendo na mita ya mafuta. Ndege nayo ina dashibodi, ila mambo yake ni mengi zaidi. Hata katika ndege ndogo ya watu wawili mtaona mita ya mwendo, ya kimo, ya joto la oili, ya mafuta, na chini yake safu ya swichi. Swichi ya taa na swichi ya pampu ya mafuta zaweza kuwa zimenunuliwa dukani siku moja katika boksi moja. Umbo ni moja, rangi ni moja, sauti ya kubonyeza ni moja. Linalozitenga ni neno lililoandikwa kando yake.

Sasa sikilizeni kisa hiki cha Marekani. Kilitokea Jumapili, tarehe 12 Oktoba 1997, katika jimbo la California, juu ya ghuba iitwayo Monterey Bay. Rubani alikuwa John Denver, mwimbaji mwenye sifa kubwa, ambaye labda baadhi yenu mmesikia nyimbo zake redioni. Hakuwa mwanafunzi wa urubani. Alikuwa amekwisha ruka saa zaidi ya 2,700. Lakini ndege aliyoiendesha siku ile ilikuwa mpya kwake. Ilikuwa ya aina ya Long-EZ, ambayo mhandisi Burt Rutan aliichora ili watu waijenge wenyewe nyumbani kwao. Injini yake iko nyuma, na mafuta yamo katika matangi mawili, moja upande wa kushoto na moja upande wa kulia. Injini hunywa kutoka tangi moja kwa wakati mmoja. Tangi likiisha, rubani hugeuza bilula, wengine huiita koki, ili mafuta yatoke tangi la pili.

Katika michoro ya Rutan bilula hii iko mbele, karibu na mkono. Lakini aliyeijenga ndege hii aliiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Kuigeuza kulitaka rubani aache mkono wa usukani, ajipinde, na apapase nyuma yake. Tena bilula ile haikuandikwa kitu. Hapakuwa na neno la kumwambia huku ni tangi la kushoto, huku ni la kulia, hapa imefungwa. Vile vioo vya kuonyesha kiasi cha mafuta navyo vilikuwa nyuma yake, wala havikuwa na alama za kipimo. Kabla hajaruka, fundi mmoja alimpa kioo kidogo cha mkononi ili aweze kuvitazama kwa kupitia begani. Alipoulizwa kama atie mafuta, alisema hapana, maana hakukusudia kukaa angani muda mrefu.

Ndege ile ilianguka baharini, naye akafa.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza jambo hili, ikatoa taarifa yake mwaka 1999. Ilisema kwamba rubani alipokuwa akihangaika na bilula alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, ndege ikamshinda. Ilisema pia kwamba hakujitayarisha vya kutosha, na hasa kwamba hakutia mafuta. Kisha ikataja mambo yaliyosaidia kuleta ajali: bilula isiyo na maandishi na iliyowekwa mahali pagumu kufikiwa, vioo vya mafuta visivyo na alama, na rubani kutoizoea aina ile ya ndege.

Sitaki mfikiri kwamba kibandiko peke yake kingemwokoa. Bilula ingekuwa pale pale nyuma ya bega, na tangi lingekuwa tupu vile vile. Lakini tazameni: katika taarifa ya bodi kubwa ya serikali, juu ya kifo cha mtu maarufu, imeandikwa kwamba kitu fulani hakikuwa na maandishi. Herufi chache za gharama ndogo sana zilikosekana, na kukosekana kwake kukahesabiwa.

(Hapa mwalimu wa darasa asimame, wanafunzi wayasome pamoja maneno yaliyo ubaoni.)

Vizuri. Basi, tuingie katika kazi ya fundi. Ndege zinazotoka viwandani hutoka na vibandiko vyake. Sheria ya Marekani juu ya ndege kubwa za abiria yataka alama na vibandiko viwekwe mahali vinapoonekana, wala visiwe rahisi kufutika, kuharibika au kufichika. Kariri mambo hayo matatu, maana kazi yote ya leo imo humo. Lakini Marekani kuna maelfu ya watu ambao hujenga ndege zao wenyewe katika banda la nyumbani, kwa miaka mingi, jioni baada ya kazi. Chama chao kikubwa kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin. Hao sheria yawadai wabandike ndani ya ndege neno la kumwonya abiria kwamba ndege hii imejengwa na mtu binafsi, wala haifuati kanuni za usalama za ndege za kawaida. Na karibu na mlango huandikwa neno la kusema kwamba ni ndege ya majaribio, kwa herufi zisizopungua inchi 2 wala kuzidi inchi 6. Maneno mengine yote ya dashibodi huyatengeneza mjenzi mwenyewe, na hapo ndipo wengi huchoka. Ameunda mabawa kwa miaka mitano, ameona injini ikiwaka, ana hamu ya kuruka. Vibandiko huvifanya usiku mmoja, kwa kalamu na karatasi ya gundi, akisema atavirekebisha baadaye. Nadhani hata sisi tunaijua hiyo "baadaye".

Adui wa kwanza wa maandishi hayo ni jua. Ndege ndogo nyingi zina paa la plastiki inayong'aa kama kioo, na ndege huegeshwa uwanjani mchana kutwa. Aliyepata kuacha motokaa juani, madirisha yamefungwa, kisha akarudi na kushika usukani, anajua joto lililomo. Joto hilo hulainisha gundi, pembe ya kibandiko ikainuka, vumbi likaingia chini yake, na tangu siku hiyo hakishiki tena. Mwanga wenyewe nao hula rangi, kama unavyokula rangi ya kanga inayoanikwa kila siku upande mmoja. Kisha kuna petroli. Petroli ya ndege ndogo itumikayo sana hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine, nayo huyeyusha wino wa namna nyingi. Fundi akimaliza kujaza tangi, kidole chenye petroli hugusa swichi. Kuna jasho, kuna sabuni na dawa za kusafishia, kuna mtikisiko wa injini usiokoma.

Na vidole. Jambo hili ni la kustaajabisha kidogo: neno linalohitajiwa zaidi ndilo linaloguswa zaidi, kwa hiyo ndilo linalofutika kwanza. Kibandiko cha kitu kisichotumiwa hukaa kipya miaka yote.

Basi maandishi ya namna gani yatavumilia? Kuna njia mbili tu, na zote nyingine ni watoto wake. Ama herufi unailaza juu ya kitu, ama unaikata ndani ya kitu.

Iliyolazwa juu ni rahisi. Kuna kile kimashine cha mkono kinachobonyeza mkanda wa plastiki, ambacho kampuni ya Dymo ya Marekani ilianza kukiuza mwaka 1958. Herufi huvimba na kuwa nyeupe, kwa sababu plastiki imevutwa mpaka ikabadili rangi. Ni safi na yasomeka, nami nimeona wengi wakiipenda, lakini joto likizidi mkanda hulegea, herufi hunywea, na gundi huachia. Kuna karatasi za herufi za kusugulia: unaweka karatasi juu ya bati, unasugua kwa kijiti, herufi inahama. Huonekana kama kazi ya kiwanda. Hizo ni lazima zifunikwe kwa vanishi isiyo na rangi, la sivyo ukucha utaziondoa. Na hapa wengi wameharibu kazi ya wiki nzima, maana vanishi nyingine huyeyusha herufi zenyewe. Jaribu kwanza juu ya kipande cha bati kisichotakiwa, ungoje mpaka kesho, ndipo uguse dashibodi. Siku hizi kuna pia mashine zinazopiga chapa juu ya mkanda na kuufunika kwa utando mwembamba wa plastiki, maandishi yakawa katikati kama nyama ndani ya sambusa. Hizo hudumu zaidi, kwa kuwa kidole hakiyafikii maandishi. Lakini gundi ni gundi.

Iliyokatwa ndani ni habari nyingine. Mfano wake hauko mbali. Unguja ya kusini, katika kijiji cha Kizimkazi Dimbani, uko msikiti wa zamani wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Mwaka uliochongwa pale ni 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Masihi. Rangi yo yote iliyopakwa juu ya ukuta mwaka ule ingekwisha kuondoka zamani. Lakini herufi zile si kitu kilichowekwa juu ya jiwe. Ni jiwe lenyewe, na ili kuziondoa ni lazima kuondoa jiwe. Fundi wa ndege anataka jambo lile lile, ila katika bati, na kwa herufi ndogo kama punje ya mchele.

Kwanza nitaeleza kazi ya mkono, kwa kuwa haitaki mtambo mkubwa. Twaa kipande cha bati la aluminiamu, kipige msasa laini mpaka kiwe sawa. Chora mistari miwili ya penseli ili herufi zote zilingane vimo. Kata herufi kwa kalamu ya chuma kali, kina kifike kama robo ya milimita. Sasa osha kwa spiriti, na baada ya hapo usiguse kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi hukataza rangi kushika. Pakaza rangi ya mafuta, uisukume iingie ndani ya mifereji ya herufi. Usijali kama imechafua bati lote. Iache ianze kukauka, isikauke kabisa. Kisha twaa kitambaa, ukivingirishe kwa nguvu juu ya kibao kilicho bapa, ukilowe kidogo tu kwa dawa ya kuyeyushia rangi, upanguse mara moja moja. Kwa nini kibao? Kwa sababu kitambaa kilicholegea huingia ndani ya mfereji na kunyonya rangi uliyoitia. Kibao hupita juu juu, kikaondoa iliyo nje na kuiacha iliyo ndani. Ukimaliza utaona herufi safi, na ukipitisha ukucha hausikii kitu cha kubanduka.

Mkono hutetemeka, hilo twalijua. Ndiyo maana mafundi wa zamani walitumia mashine yenye mikono miwili iliyounganishwa. Mkono mmoja hufuata herufi kubwa ya chuma, na mkono wa pili hukata herufi ile ile kwa udogo. Tufanye hesabu. Ikiwa mashine hupunguza mara 4, herufi ya milimita 16 itakatwa milimita ngapi? Andikeni. Ndiyo, milimita 4. Na fundi akikosea milimita 1 katika kufuata, kosa linaloonekana ni robo ya milimita tu. Mashine hupunguza herufi, na pamoja nayo hupunguza kosa.

Huko Manchester, Uingereza, kampuni ya Metropolitan-Vickers ilipata njia ya kuacha rangi kabisa, mwaka 1927. Walitengeneza plastiki ngumu ya matabaka ya rangi mbalimbali, mathalani nyeusi juu na nyeupe chini yake. Ukikata tabaka la juu, nyeupe hujitokeza yenyewe, kama unapokwaruza ganda la muhogo. Hapana cha kujaza wala cha kupangusa. Mpaka leo plastiki za namna hiyo zatumika sana, ingawa siku hizi wengi hukata kwa mwanga mkali wa leza badala ya chuma. Mwenye kutumia leza ahakikishe kwanza plastiki yake ni ya aina gani, maana ile iitwayo PVC ikiungua hutoa moshi wa sumu unaodhuru mapafu na kula chuma cha mashine.

Njia ninayoipenda mimi ni nyingine, ijapokuwa si ya kufanyia nyumbani bila uangalifu. Bamba la aluminiamu hutumbukizwa katika asidi ya salfuriki, jamaa ya yale maji ya betri ya gari, na umeme hupitishwa. Uso wa bamba hubadilika, ukawa ganda jembamba gumu, jamaa ya zile chenga zinazobandikwa juu ya msasa. Ganda hilo limejaa vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Rangi ikitiwa sasa huzama katika vitundu. Kisha bamba hutiwa katika maji yanayokaribia kuchemka, na vitundu hujifunga juu ya rangi. Maandishi yamefungiwa ndani ya chuma. Rangi nyingine bado hupauka kwa jua, lakini kuna mabamba ambayo badala ya rangi hutiwa picha ya madini ya fedha, kama zile picha za kamera za zamani, na hayo huvumilia jua na petroli miaka mingi.

Kwa kuruka usiku kuna vibandiko vya plastiki ing'aayo, iliyopakwa nyeupe kisha nyeusi juu yake. Herufi hukatwa katika nyeusi tu, na taa ndogo iliyo nyuma hupenya katika herufi. Hapo nawaonya juu ya rangi nyekundu. Ndege nyingi za zamani zilitumia taa nyekundu ndani usiku, ili macho ya rubani yasizoee mwanga mkali akashindwa kuona gizani. Chini ya taa nyekundu, herufi nyekundu juu ya nyeupe haionekani! Uandikaji ulikuwa mzuri mchana, na usiku kibandiko kikawa kitupu.

Sasa twaeni rula. Herufi iwe na kimo gani? Kipimo kimoja chepesi ni hiki: pima umbali kutoka jicho mpaka kibandiko, kisha ugawe kwa 200. Dashibodi ya ndege ndogo huwa kama sentimita 70 kutoka macho ya rubani. Sentimita 70 ni milimita 700. Gawa kwa 200. Mmepata ngapi? Tatu na nusu. Basi herufi isiwe chini ya milimita 3 na nusu. Kibandiko kilicho mbali mita 1 kitataka milimita 5. Ni kima cha chini hicho. Anayeweza kuongeza na aongeze, hasa tukikumbuka kwamba marubani nao huzeeka macho.

Maneno yawe machache. Rubani hasomi kama tusomavyo gazeti. Hutupa jicho mara moja, akarudisha macho nje. "Kwa kufunga mafuta geuza huku" ni maneno mengi mno. FUNGA yatosha, pamoja na mshale. Kibandiko kiwe juu ya swichi kuliko chini yake, maana mkono unapoinuka kushika swichi hufunika kilicho chini. Hilo ndilo la "kufichika" katika ile sheria. Na kwa bilula ya mafuta, maneno yaandikwe pale pale mkono wake unapoelekea, kila tangi mahali pake, si orodha iliyo kando ambayo mtu aanze kuilinganisha.

Liko jambo dogo la vioo vya mita. Mita ya mwendo ya ndege ina mistari ya rangi: nyeupe ni mwendo ambao rubani aweza kushusha vile vibapa vya mabawa wakati wa kutua, kijani ni mwendo wa kawaida, manjano ni wa hewa tulivu tu, na mstari mwekundu haupitwi kamwe. Mjenzi asiyeweza kufungua mita huichora mistari hiyo juu ya kioo. Je, kioo kikizunguka kidogo kwa mtikisiko? Mstari mwekundu utahama na kuonyesha mwendo usio wake, nao utaonekana mzuri kabisa. Kwa hiyo mafundi huchora mstari mfupi mweupe unaoanza juu ya kioo na kumalizikia juu ya fremu yake. Mstari ule ukikatika, nusu huku na nusu kule, kioo kimezunguka, na rangi zake zisiaminiwe.

Na jambo hili linanirudisha kwenye kudumu. Fundi akibadilisha pampu au akahamisha swichi, kibandiko cha karatasi hubanduliwa bila taabu, lakini neno lililokatwa katika dashibodi yenyewe litabaki likisema jambo la zamani. Maandishi ya uongo yasiyofutika ni mabaya kuliko bati tupu, maana bati tupu humfanya mtu aulize. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara hakati herufi katika dashibodi. Hukata katika kipande kidogo, akakifunga kwa skrubu mbili. Siku mambo yakibadilika, hufungua skrubu, akakata kipande kipya.

Kazi ya wiki hii ni ya mikono. Kila kikundi kitafute vipande viwili vya bati, hata la kopo la zamani, ila mwangalie kingo zake zisiwakate. Juu ya kipande cha kwanza andikeni FUNGA kwa kalamu ya wino. Juu ya kipande cha pili katieni neno lile lile kwa ncha ya msumari, mjaze rangi na kupangusa kwa kitambaa kilichozungushiwa kibao. Herufi ziwe na kimo cha milimita 5. Viwekeni vyote viwili juani, na kila jioni mtu mmoja avisugue mara 50 kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Siku ya somo lijalo mwalimu asimame mita 1 kutoka kwa kila mwanafunzi, ainue vipande hivyo kimoja kimoja, na kila mtu asome anachokiona. Andikeni majibu, hata ya wale wasioona kitu.

Kwa herini.